Sauti Yangu Ilishuka Mlima Bila Mimi

Nilijisikia nikitangaza huku nimefunga mdomo.

Nilikuwa napanda kwenda Mlimani, jua limeshageuka, mwanangu Faraja amelala mgongoni, na kichwani nimepanga maneno ya kwenda kuwamwagia watu wa huko. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeisha chini, Bandani, ufukweni kwenye mabanda ya samaki. Tulikuwa tumepiga kura zahanati ijengwe wapi, na kitongoji kizima cha Mlimani hakikushuka. Mtendaji wa kijiji alisimama akasema walitangaziwa, wakadharau. Kura ikapita: zahanati ijengwe Bandani, karibu na ofisi. Nikatoka pale na hasira, nikisema moyoni, ngojeni nifike, mtanitambua.

Pale Konani, katikati ya mteremko, nikasikia pikipiki inashuka. Juu yake kuna spika, na kwenye spika kuna mwanamke anatangaza kwa Kimatengo. Anawaambia wenye nyumba kwamba mkutano wa leo umeahirishwa, waendelee na kazi zao, watatangaziwa siku nyingine. Yule mwanamke nilikuwa mimi. Sauti yangu, maneno yangu, hata kuhema kwangu kumo.

Akatokea Bosco wa bodaboda, spika kaifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Kazi alishamaliza, akasahau kuizima. Nikasimama katikati ya njia.

"Bosco, zima."

"Ah, dada Stela! Nakushusha mlima, kumbe uko huku!" Anacheka.

"Hii umepewa na nani?"

"Ofisini. Nimepewa flashi asubuhi, nikaambiwa nizunguke Mlimani kote. Si wewe uliyetangaza?"

"Unajua inasema nini?"

"Mimi mtu wa Liparamba, dada. Kimatengo nakisikia kama redio ya mbali. Nikajua unawaita mkutanoni."

"Umezunguka kutwa, unaona watu wanashika majembe wanakwenda shamba, hukujiuliza?"

Akakuna shingo. "Nilijiuliza. Nikasema labda ndivyo walivyo."

Labda ndivyo walivyo. Subira yangu ilikatikia hapo, kwenye hayo maneno, maana hata mimi nilikuwa nimetembea nusu ya mlima nikiyasema hayohayo. Nikachomoa flashi, spika ikafa katikati ya neno. Nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Sasa basi. Naacha kazi ya kupiga mbiu. Watu wamezoea kwamba anayestaafu ni mzee mwenye mvi na kiti cha zawadi. Mimi sina mvi, nina mtoto anayeota meno, lakini kazi nimeifanya tangu mwaka niliomaliza kidato cha nne, na naiacha. Nawaandikia ninyi mtakaoshika kipaza sauti baada yangu, hapa kwetu au kijiji kingine cha mwambao huu. Habari za nililipwa nini tuziache, mtacheka bure.

Aliyenifundisha ni Mzee Gama. Hakuwa wa Bandani wala wa Mlimani. Alikuwa Mngoni wa kutoka Kitai, na ujana wake aliumalizia kituoni pale akiitia mabasi abiria. Huko ndiko alikookota lugha zote, kwa sababu, alisema, abiria humwiti kwa lugha yako, unamwita kwa lugha ya mfuko wake. Alikuja kijijini kwetu kwa kufuata mwanamke. Mwanamke akamkataa, akabaki na kazi. Alikuwa mkali, mchoyo wa ugoro, na hakupenda wasichana waliosoma. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umefundishwa Kiingereza?" Nikasema kidogo. Akasema, "Kiache hapo mlangoni, utakikuta ukitoka."

Siku hiyo alinipa rimu ya gari na nondo nigonge, maana kipaza sauti hakumwamini mtu nacho. Nikagonga kama ninaezua mabati. Akaninyang'anya. "Unaita watu au unafukuza ngedere?" Akagonga mara tatu, akanyamaza, akagonga moja. Milango ikafunguka. Siri ni pale anaponyamaza. Mtu akisikia kelele mfululizo anajifunika shuka. Akisikia kelele ikikatika, anatoka kuona kumetokea nini.

Kipaza sauti kilikuja baadaye. Betri zake zitoeni kila mkimaliza, mzifunge kwenye kitambaa, joto la ziwani linazila. Bandani tangazeni asubuhi kabla upepo haujapanda, mchana sauti yote inakwenda kwa mawimbi na ndege. Mlimani msitangaze mkiwa bondeni mkitegemea mwangwi. Mwangwi unafikisha kelele, maneno unayabakiza. Pandeni hadi kwenye ukingo wa mashamba ya ngoro, yale mashimo ya Wamatengo, msimame watu wawaone uso. Kifo msikitangaze kwa sauti ya chanjo. Na chanjo msiitangaze kwa sauti ya kodi.

Hayo ni madogo. Makubwa aliyonifundisha Mzee Gama ni mawili.

La kwanza, usianze na lugha ya mahali uliposimama. Ukiwa Bandani kwa Wanyasa, anza na Kimatengo. Ukiwa Mlimani kwa Wamatengo, anza na Kinyasa. Halafu Kiswahili. Lugha ya wenyeji iwe ya mwisho. Nilimuuliza kwa nini tunapoteza pumzi kuwasemesha watu ambao hawapo. Akasema, "Ili waliopo wajue kwamba na wale wameambiwa. Mtu akijua habari ni ya wote, hatafuti nani kapendelewa." Mimi ni Mnyasa, nilizaliwa Bandani, mama yangu alianika usipa pale, dagaa wa ziwa letu. Kimatengo nilijifunza kwa kazi hii, nikakikamilisha kwa kuolewa Mlimani. Wa kwanza kunisahihisha lafudhi alikuwa mama mkwe wangu, na hakunionea huruma.

La pili ndilo linalonifanya niandike. Mbiu haijaisha mpaka ijibiwe. Ukimaliza kutangaza, husogei. Unangoja mtu wa pale akutupie neno la kuwapelekea wale wengine. Neno la utani, lenye ncha. Unalibeba, unalifikisha lilivyo, unapewa la kurudisha. Bandani mjibu mkuu alikuwa Rozina, mwanika usipa, mwanamke mwenye mdomo wa kukata kamba. Mlimani alikuwa Mzee Ndunguru, mwenye kahawa nyingi na meno machache.

"Waambie hao wachimba mashimo washuke na ndoo," Rozina angesema, "leo tutawaogesha."

Nampandishia Mzee Ndunguru, anasikiliza macho kayafumba, kisha, "Waambie wala usipa wakija kwetu wabebe mapafu ya akiba. Haya waliyo nayo yataishia Konani."

Watu wanacheka, na wakicheka mimi najua wamesikia. Mtu hawezi kujibu tangazo ambalo halikumfikia. Mzee Gama hakuwa na daftari la mahudhurio, alikuwa na matusi ya kirafiki. Kama mahali hawakujibu, alirudi akatangaza tena. Kama hawakujibu tena, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kumwambia, kule kuna jambo.

Alipofariki yeye mwenyewe, mimi ndiye niliyepanda na kushuka na habari. Hiyo ndiyo mbiu ngumu kuliko zote nilizopiga. Nilianza Bandani, Kimatengo kwanza kama alivyonifunza, na kufika kwenye jina lake nikakwama. Nikalitaja kwa shida, nikamaliza, nikasimama. Nani angetania siku ile? Nikangoja. Wanawake wanalia. Nikasema leo naondoka bila jibu. Ndipo Rozina akajifuta uso kwa khanga yenye magamba ya samaki. "Waambie Mlimani mpiga debe wao kapanda gari la mwisho. Na nauli hajalipa."

Nikapanda na hilo neno. Mlimani walishuka wote na kuni na magunia ya mahindi, na Mzee Ndunguru akafika msibani akidai apewe nafasi ya kiti cha mbele, maana marehemu alimwahidi kwenye basi. Tulimzika tukicheka na kulia pamoja. Kama mnataka kujua umoja wa taifa ni nini, mimi niliuona siku ile, na haukuwa na bendera.

Halafu ukaja uchaguzi wa kijiji.

Sitasema vyama. Ninyi wenyewe mnajua. Nitasema tu kwamba mgombea mmoja alitoka Bandani na mwingine Mlimani, na kwa mara ya kwanza watu wakaanza kuhesabu nyumba kwa lugha zinazozungumzwa ndani yake. Bandani walianza kusema Wamatengo ni wageni, wamekuja na kahawa yao, warudi kwao Mbinga. Mlimani wakasema Wanyasa ni wavivu, wanangoja ziwa liwalishe. Mtasema maneno hayo tulikuwa tukitaniana nayo siku zote. Ndiyo. Lakini zamani yalikuwa yanapita kwangu, yanafika kwa mwenyewe, naye anayajibu. Sasa yakawa yanasemwa huku wenyewe hawapo. Hapo si utani tena.

Siku moja nikatangaza Bandani habari ya mfereji, nikamaliza, nikangoja. Rozina alikuwa pale pale, anageuza usipa kwenye chanja. Nikamwita.

"Rozina, niwapelekee nini?"

"Sina la kuwaambia," akasema. Wala hakugeuka.

Nilipanda nikiwa mtupu. Kule nako Mzee Ndunguru akaniuliza, "Wamesema nini?" Nikasema hawajasema. Akaondoka kwenda kupalilia.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaenda ofisini. Mwenyekiti alikuwa bado hajaapishwa, nikamkuta mtendaji, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lake. Nikamwambia watu wameacha kujibu. Akaniangalia kama ninayemletea habari za mapepo.

"Kujibu nini?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Dada, hilo ndilo tatizo lenyewe. Kila siku unawakumbusha wao ni Wanyasa na hawa ni Wamatengo. Nchi hii imesimama kwa sababu ya lugha moja. Kuanzia leo matangazo ya kijiji ni Kiswahili tu. Kilugha ni ukabila."

Sikumwona mjinga, na hata leo simwoni. Kiswahili nakipenda. Bila Kiswahili nisingemuelewa Mzee Gama, na mume wangu angenitongoza kwa ishara. Nikiwa Songea, nikiwa popote, nafungua mdomo nasikilizwa, hakuna anayeniuliza kwetu wapi kabla hajanijibu. Hicho ni kitu kikubwa, wapo majirani wanaokililia. Lakini mama mkwe wangu, Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni. Anajua kusali na kupunguziwa bei. Ukimwambia "kamati ya mradi imeazimia" anaitikia "amina". Nikamwambia mtendaji hivyo. Akacheka, akasema watoto watawatafsiria.

Basi nikatangaza kwa Kiswahili tu, naye akisikiliza. Akishaondoka narudia kwa lugha zote. Akajua, akanyamaza, mpaka mimba ikaanza kunilemea na Mlimani kukawa mbali. Ndipo akaja na wazo la spika ya pikipiki. Safari hii alikuwa mpole. Akasema nirekodi kwenye simu nikiwa nimekaa, kwa lugha zote, kila lugha peke yake, yeye hana neno, kwa hali yangu. Nikashukuru kabisa. Nikarekodi tangazo la mkutano. Mvua zikaja, daraja likaondoka, nikarekodi la pili: mkutano wa leo umeahirishwa. Nilirekodi nikihema kama mtu aliyekimbizwa, maana Faraja alikuwa amenikalia mbavuni.

Spika haingoji jibu. Inapita. Nililiona hilo, nikajiambia nikishajifungua nitarudi kutembea.

Na mambo ya zahanati mnayajua. Tangu zamani, kabla ya uchaguzi, watu wote walikubaliana ijengwe Konani, katikati, kila upande utembee nusu. Mgombea wa Bandani aliposhinda, Bandani wakaanza kusema kura ni zao, ofisi ni yao, zahanati iwe yao. Ukaitishwa mkutano wa kuamua. Mimi nilikuwa Bandani kwa mama yangu wiki ile, mtoto anaharisha, nikaambiwa nisijisumbue, spika itafanya kazi. Ikafanya.

Sasa turudi Konani, flashi ikiwa kwenye khanga.

Nilifika Mlimani, nikamkuta mama mkwe anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunipokea mtoto. Tangu nimezaa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutonipokea mtoto.

Mzee Ndunguru alikuwa amekaa na wenzake kwenye ngazi ya kanisa. Habari ya kura ilishanitangulia kwa simu. Mmoja wao akasema, sauti ya kunisikizisha, "Mke wetu kaenda kutuuza kwao."

"Tuombe kijiji chetu," akasema mwingine. "Wabaki na ziwa lao na zahanati yao. Hatukushindwa kuishi."

"Wewe," mama mkwe akaniambia, "huyo mumeo nilimzaa pale Konani, kwenye majani, nikipelekwa chini. Sikufika. Leo umetuambia tukalime ili zahanati ikajengwe kule ambako sikufika?"

Hapo ndipo nilipojua ninapoteza nini. Si jina langu tu. Wakishasema "tuombe kijiji chetu" mara tatu, hawarudi nyuma, na Faraja atakulia kwenye mpaka, kila siku aulizwe yeye ni wa upande gani.

Nikasema sauti ni yangu, lakini maneno ni ya mvua ile ya mwaka jana, daraja lilipoondoka. Mzee Ndunguru akasema, "Tutajuaje? Sauti haina mvi."

Nikaomba redio ya flashi kwa jirani. Tukasikiliza. Mara ya kwanza wanaume wakatikisa vichwa: ni yeye, hakuna ubishi. Nikarudisha mwanzo. Mara ya pili mama mkwe akaacha ungo, akasogea, akainamisha sikio.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Hiyo pumzi ni ya mwenye mimba," akasema. "Tena mimba iliyokwisha kukomaa. Sikieni anavyokata kabla ya neno." Akawaita wanawake wengine. Wakasikiliza kama wanapima unga. Wote wakakubali. Mwenye mtoto mgongoni hahemi vile. Akanigeukia, akamfungua Faraja mgongoni kwangu, akamweka kifuani kwake. "Huyu alikuwa bado yumo ndani wakati unasema hayo. Kwa hiyo leo hukusema kitu."

"Leo sikusema kitu, mama."

Wanaume wakawaachia, wanajua huo si uwanja wao. Nikasimama pale ukingoni mwa ngoro, bila kipaza sauti, nikatangaza kwa mdomo: Kinyasa kwanza, halafu Kiswahili, halafu Kimatengo. Nikawaambia mkutano ulikuwa leo, kura imepigwa bila ninyi, mimi nakwenda kuipinga. Nikangoja.

Niliwangoja, jamani. Kungoja kweli. Mzee Ndunguru alichezea fimbo yake muda mrefu sana. Halafu akasema, "Waambie wala usipa, kama wanataka zahanati peke yao, basi na magonjwa wayachukue yote."

Nikashuka na hilo neno karibu nikimbie. Rozina alikuwa anafunika chanja. Nikamweleza habari ya spika, akabaki mdomo wazi, maana naye alinyoosha mkono kwenye ile kura akiamini Mlimani wamemdharau. Kisha nikampa neno la mzee. Akageuka upande wa ziwa. Nikadhani ameudhika. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwambie yule mzee," akasema akifuta machozi ya kicheko, "magonjwa yake hatuyataki, yananuka buni. Ashuke mwenyewe hapo Konani tugawane."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mtendaji. Sikukaa.

"Ulitaka nini?" nikamuuliza.

Hakukana. Hilo nampa. "Nilitaka siku ipite salama. Ulisikia maneno yaliyokuwa yanasemwa. Wangekutana uwanja mmoja wangeshikana. Nikaona bora upande mmoja usiwepo, iamuliwe, yaishe. Nilikuwa nalinda umoja."

"Kilugha ulisema ni ukabila."

Akaanza kupanga karatasi mezani.

"Cha kutuita ulikikataza. Cha kutudanganya ukakiona kinafaa."

"Ungetaka damu imwagike, Mama Faraja?"

"Nilitaka watukanane," nikamwambia. "Uso kwa uso. Wanajua kutukanana hawa, ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote."

Akaniomba nisiandike popote. Eti nikipeleka malalamiko wilayani nitaonekana ninagawa watu. Akasema nitulie, nifikirie mtoto. Kumbe mtoto ndiye niliyekuwa namfikiria.

Kipaza sauti nimekiacha juu ya meza yake, betri nimezitoa, zimo kwenye kitambaa. Atakayekishika baada yangu nampa mambo mawili ya Mzee Gama, nimeshayaandika hapo juu, na la tatu langu mwenyewe: msiache sauti yenu ofisini mkaenda nyumbani.

Kisha nikapanda gari kwenda wilayani. Karani wa masijala alinisomea malalamiko yangu kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akainua uso. "Dada, haya ya mwisho nayo yaingie? Hii ni barua ya serikali." Nikamwambia yaingie yote. Akagonga muhuri. Iliyopokelewa ni hii:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTUMIKA KWA SAUTI YANGU KUWAZUIA WANANCHI WA KITONGOJI CHA MLIMANI KUHUDHURIA MKUTANO WA KIJIJI

Mimi Stela Komba, mpiga mbiu wa kijiji, nalalamika kwamba tangazo langu la zamani la kuahirisha mkutano lilipigwa kwa spika Mlimani siku ya mkutano, bila ridhaa yangu, wakati mkutano ulikuwa haujaahirishwa. Kwa sababu hiyo wananchi wa Mlimani hawakupiga kura kuhusu mahali pa kujenga zahanati, na wananchi wa Bandani walipiga kura wakiwa wamedanganywa kwamba wenzao wamewadharau. Pande zote mbili zimekosewa.

Naomba uamuzi ule ufutwe. Naomba mkutano uitishwe upya, na ufanyike Konani. Naomba niuite mimi mwenyewe kwa mara ya mwisho, kwa miguu, kwa Kinyasa, Kimatengo na Kiswahili, na usifunguliwe mpaka majibu ya vitongoji vyote viwili yawe yamefika.

Flashi nimeiambatisha. Naambatisha pia majibu yaliyokwisha kufika, kama ushahidi kwamba wananchi hawa bado wanasemeshana.

Mlimani wanasema: kama Bandani wanataka zahanati peke yao, na magonjwa wayachukue yote.

Bandani wanasema: magonjwa hayo yananuka buni. Washuke Konani tugawane.